Baharia Aliyeshindwa Kufika Butiama

Mwenye nyumba wangu pale Makoko, Musoma, tulimwita Baharia, na jina hilo hakupewa bure. Alikuwa amesafiri kwa chombo cha matanga kutoka Dar es Salaam hadi Shelisheli, bahari tupu mbele na nyuma, safari ambayo wengi wetu hatuwezi hata kuionyesha kwenye ramani. Lakini miaka yote niliyopanga kwake mtu huyo alishindwa kufika Butiama, ambako ukitoka asubuhi unawahi kurudi kula mchana kwako. Butiama alikuwako mama mmoja mzee. Mtoto wake alikufa kwa sababu ya safari ile, na aliyesababisha ni Baharia. Mama hakujua. Baharia alitaka kumwambia kabla mmoja wao hajafa, na kila alipoondoka kwenda kumwambia alirudi mdomo umefungwa.

Hayo niliyajua baadaye. Mwanzoni nilichojua ni kwamba nimepanga kwa mzee mwenye visa.

Maji ndiyo yaliyotugombanisha kwanza. Mimi ni fundi cherehani, na nina hasira za karibu, sifichi. Wiki ya kwanza tu niliamka, nikamwaga ndoo ya maji yaliyokaa tangu jana ili nikachote mengine. Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Baharia akatoka chumbani kifua wazi, macho yamemtoka.

"Fundi, umefanya nini?"

"Nimemwaga maji, mzee. Yamelala."

"Maji yakilala yanaumwa?"

"Ziwa lile pale, halijaisha."

"Ziwa liache. Hapa kwangu maji hayamwagwagi."

Nikamwambia kama ni hivyo aniandikie na idadi ya kunawa uso. Hakucheka. Akaichukua ile ndoo tupu, akaigeuza na kuitazama ndani, akaingia nayo chumbani kwake. Wapangaji wenzangu wakaniambia niachane naye, ndivyo alivyo. Mtu huyu angekupa ugali wake ukala wote, angekuazima baiskeli ukakaa nayo mwezi, kodi ukichelewa hakugongei mlango. Lakini ukisuuza kikombe kwa maji mengi kuliko kikombe chenyewe, siku hiyo husalimiwi. Na ziwa linaonekana kutoka mlangoni pake! Sisi tukahesabu kuwa ni ubahili wa aina yake, tukawa tunamwaga maji kwa kificho nyuma ya choo kama watu wanaoiba.

Chumba chake nacho kilikuwa kichekesho. Hakuna kitu kilichokaa bila kufungwa. Sufuria zilining'inia kwenye kulabu, kila moja na kamba yake. Rafu ya vikombe aliigongelea ubao mbele visianguke, ingawa nyumba ya tofali haijawahi kulala upande. Alikula kwa bakuli, sahani hakutaka kuiona, na alipokula alibana mgongo ukutani na mguu mmoja akausukumia kwenye tendegu la kitanda. Mayai aliyageuza kila asubuhi, moja moja. Alisema yai likilala upande mmoja linaoza mapema, na kwenye safari ndefu mayai yakioza umebaki na wali na maharage mpaka unaichukia midomo yako. Siku moja nilimtania nikamuuliza kama na sisi wapangaji atatugeuza. "Wewe ungehitaji kugeuzwa," alisema, "umelala upande wa mdomo."

Usingizi aliulala vipande vipande. Mchana ungemkuta kwenye benchi nje ya chumba changu, kidevu kifuani. Jicho moja linafunguka, linatazama mawingu, linatazama bendera ya shule ya jirani inavyopepea, linafungwa tena. Kumbe chomboni walilala kwa zamu, na aliyeshika zamu hatakiwi kusinzia hata kidogo, kwa sababu meli kubwa ikija haikuoni. Mwili ulishazoea hivyo na haukurudi tena kama zamani. Watu wa Makoko walidhani ni mvivu. Mtu mvivu hawezi kushona upya nyavu za watu watatu kwa siku, na Baharia aliweza.

Kila Jumapili baada ya misa nilikuwa napiga pasi nguo za wateja, naye anakaa pale kwenye benchi anatuhadithia. Hapo ndipo alipokuwa mtamu. Alituambia jiko la chomboni halikai, linaning'inia kwenye vyuma, chombo kikilala upande lenyewe linabaki limenyooka. Yeye siku ya kwanza alidhani jiko linayumba, akalishika kwa mikono miwili litulie, na chai yote ikamwagikia mapajani mwa mzungu mwenye chombo. Alituambia wanaoga maji ya bahari kwa sabuni ya vyombo, kwa sababu sabuni nyingine haitoi povu kwenye chumvi, na ukikauka unajisikia kama dagaa aliyeanikwa. Nguo hazikauki kabisa. Ukivaa shati asubuhi linakushika mgongo kama mkono wa mtu mwenye homa. Samaki wenye mabawa walikuwa wanaruka wenyewe mpaka ndani. Mmoja alimpiga mzungu shavuni akiwa anapiga mswaki, na wakamla huyohuyo na pilipili.

Tulicheka mpaka mama wa chumba cha kwanza akawa anakimbilia chooni kwa aibu ya kibofu. Tulimwomba arudie. Watoto waliokuja kuchukua sare walikaa chini kusikiliza. Mimi ndiye niliyekuwa nachochea: "Mzee, ile ya jiko." Leo nikikumbuka vile vicheko najisikia vibaya, kwa sababu tulikuwa tunakula cha mtu mwingine bila kujua.

Kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa, na wakati wa komunyo hakuinuka. Miaka yote. Mtu asiyelewa, asiye na wanawake, anayesaidia kufagia kanisa Jumamosi. Nilidhani ana ndoa iliyoharibika mahali.

Halafu kulikuwa na safari zake za Bunda. Asubuhi moja moja alioga, akavaa shati jeupe, akaaga kwamba anakwenda Butiama. Jioni alirudi na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, akatugawia wote. Michembe ile ilitoka Bunda, na ukienda Bunda kutoka kwetu unapita Makutano, ambapo njia ya Butiama inachepuka. Maana yake alifika pale pa kushukia, akaendelea kukaa kwenye kiti mpaka Bunda, akazunguka zunguka mitaa ya Kabasa, hapohapo Bunda, kama mtu mwenye shughuli, akanunua michembe, akarudi. Tukimuuliza habari za Butiama anasema, "Leo sikufika." Mama wa chumba cha kwanza alisema ana mwanamke Bunda. Nami nilisema hivyohivyo, tena kwa sauti.

Kilichomfichua ni hadithi yake mwenyewe. Jumapili moja alikuwa anaeleza upepo uliowapiga ghafla. Mzungu yuko mbele, amelalia tumbo, anakunja tanga dogo. Yeye yuko chini jikoni, ameubana mgongo, anashikilia sufuria ya uji isimwagike. Chombo kikageuzwa haraka kulipa wimbi kisogo, ndiyo wakapona. Sasa mimi kazi yangu ni kuhesabu vipande kabla sijashona. Kipande kikikosekana nakiona. Nikamuuliza hivihivi, pasi mkononi:

"Na usukani nani alishika?"

Baharia akaitazama ile pasi. Nikadhani anatafuta utani. Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango, na Jumapili hiyo ikaishia hapo. Kesho yake akavaa shati jeupe. Jioni tulikula michembe.

Alikuja kuniambia siku chache baadaye, nikiwa natia vifungo. Alikaa upande wa pili wa cherehani ili nisimtazame vizuri.

"Tulikuwa watatu," alisema. "Mimi, mzungu, na kijana wa Butiama. Magesa. Usukani alikuwa anashikaga Magesa."

Yeye na Magesa walifahamiana ziwani. Wote wawili walifanya kazi kwenye mitumbwi mikubwa ya tanga iliyobeba ndizi na kuni kati ya Musoma na visiwa vya Ukerewe. Mzungu mwenye chombo aliwapata Mwanza, akawaona wanajua tanga, akawachukua mpaka Dar. Ziwani kazi ya kwanza ya alfajiri ni moja: unamwaga maji ya dumu yaliyolala, unasuuza, unachota mengine hapohapo pembeni, maana unaelea juu ya maji ya kunywa. Mkono unafanya kabla akili haijaamka. Unafanya hivyo tangu ungali kijana, na hakuna anayekushukuru wala kukulaumu.

Baharini tangi la chombo liliingia chumvi siku za mwanzo, wakabaki wanategemea madumu yaliyofungwa nyuma. Alfajiri moja Baharia alimaliza zamu, alikuwa hajalala vizuri siku nyingi. Akafungua madumu mawili yaliyokuwa karibu na usukani. Akamwaga. Akasuuza. Akashusha ndoo ya kamba, akachota bahari, akajaza, akafunga vifuniko. Alipokuwa anakaza kifuniko cha pili ndipo akili ikaamka.

"Nikaonja," aliniambia. "Fundi, nilionja nikijua."

"Ukawaambia?"

"Sikuwaambia."

Sindano ilinichoma kidole hapo. Aliyafunga madumu mahali pake, yamejaa, akaenda kulala. Alijiambia mvua itanyesha. Alijiambia watafika kabla hawajayafikia yale mawili. Kila siku walipokunywa kwa kushiba yeye aliwaangalia, na kila siku kusema kukawa kugumu zaidi kuliko jana. Upepo ukafa, chombo kikakaa palepale kinayumba, na zamu ya yale madumu ikafika. Mzungu alikunywa wa kwanza, akatema. Magesa akaonja. Na Magesa, ambaye alikuwa ametupa maji yaliyolala kila alfajiri ya maisha yake, akageuka akamtazama Baharia. Halafu akamwambia mzungu: vifuniko vilikuwa vimelegea, mawimbi yameingia.

Baada ya hapo waligawana maji kidogo yaliyobaki, kikombe kwa zamu. Baharia akashikwa na homa, na Magesa akawa anampa sehemu ya kikombe chake. Anamshika kichwa, anamnywesha, hasemi kitu. Redio ilipojibiwa na meli moja ikaja kuwapa maji, Baharia alishapata nafuu. Magesa alikuwa hakojoi. Walimfikisha hospitali huko huko ugenini, figo zikakataa, akafa, akazikwa huko.

"Angejua siku ileile, tungegawana tangu siku ileile," alisema Baharia. "Au tungerudi. Ningesema tu." Padri alikwisha kumsikiliza zamani, akamwambia aende kwa mama wa marehemu, ndipo arudi. Ndiyo maana ya benchi la nyuma. "Nikifika Makutano miguu inakataa. Nitamwambia nini? Mwanao alikuwa ananinywesha?"

Nilikasirika. Sikujua namkasirikia nani. Nilimkasirikia yeye kwa kunyamaza, nikajikasirikia mimi kwa ile ya jiko, mara ngapi nimemwomba ile ya jiko, na kumbe pale palikuwa na kijana wa tatu ambaye mzee huyu amemtoa kwenye kila hadithi kama uzi unaochomolewa ili watu wasiulize. Nilimwambia maneno makali. Akayapokea yote, na hilo likanikera zaidi.

Baada ya siku ile nilianza kuhifadhi maji yaliyolala. Hakusema asante, na mimi sikusubiri.

Mwaka jana akaanza kudhoofika, kifua. Mwaka huohuo nikapata kazi ya kushona sare za kwaya ya Butiama, na mama mmoja wa kwaya nilipokuwa nampima nikamuuliza juujuu kama anamjua mzazi wa Magesa aliyefia safarini. Akasema anamjua sana, yuko hai, macho yanaanza kuchoka lakini akili nzima. Jioni nikamwambia Baharia, "Kesho napeleka sare Butiama. Mzigo ni mkubwa, siwezi peke yangu. Vaa shati jeupe."

Tulipofika Makutano akashika kiti cha mbele yake. "Fundi, wewe nenda. Mimi nitakusubiri hapa."

"Nishikie mkono huu wa begi."

"Sijisikii vizuri."

"Hata mimi sijisikii. Shika begi, mzee."

Akashika. Ninakiri nilimpeleka kama ninavyompeleka mgonjwa hospitali: nilidhani ataingia na maumivu, atatoka na nafuu. Atalia, mama atalia, tutapewa chai, tutarudi Musoma, na Jumapili atainuka kwenda mbele na wenzake.

Mama yule tulimkuta amekaa kwenye kigoda kivulini mwa nyumba, anapepeta mtama kwenye ungo. Mwembamba, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa makini, rozari shingoni. Tukasema shikamoo.

"Marahaba. Nyie ni wa kwaya?"

"Mimi ndiye fundi, mama," nilisema. "Huyu..."

"Mama," Baharia akanikatiza, "mimi nilikuwa na Magesa kwenye ile boti."

Mama akaweka ungo chini. Hakutuambia tukae. Baharia alieleza akiwa amesimama, kofia mikononi, na hakujipunguzia kitu. Madumu, kuonja, kunyamaza, vifuniko, kikombe. Sauti yake ilikuwa ndogo mpaka nikaogopa mama hasikii. Alikuwa anasikia.

"Ulijua siku ileile?" aliuliza.

"Nilijua siku ileile."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza, mama."

"Na yeye akasema vifuniko."

"Ndiyo, mama."

Mama akatazama mtama. "Ndivyo alivyokuwaga. Mdogo wake akivunja chungu, yeye anakuja kusema ni mimi. Nilimchapaga bure huyo mtoto."

Baharia akapiga magoti pale kwenye vumbi. Alisema nisamehe, mama, nisamehe, na hapo machozi yakamtoka kweli, na mimi nikaangalia pembeni nikisubiri lile neno tulilolifuata.

"Hilo ngoja kwanza," mama alisema. Hakupandisha sauti. "Hapa walikuja watu wawili, wakasema figo, wakaondoka. Kaburi sina. Sikujua alikuwa anakula nini huko. Sikujua alikuwa analala wapi, kama alikuwa anaumwa na bahari, kama alikuwa anasali. Nilikuwa nauliza kila anayetoka pwani. Kumbe mtu aliyekuwa naye anakaa Musoma hapo."

"Nilikuwa naogopa, mama."

"Yale maji ulikosea. Mkono ulizoea, nimeelewa, hata mimi namwagaga. Lakini kukaa na habari za mtoto wangu miaka yote hii, hilo hukukosea. Hilo ulikuwa unalifanya kila siku."

Sikuwa na mahali pa kuweka uso. Nilikuwa nazijua habari hizo za jiko na samaki wa kuruka kuliko yeye. Mpaka watoto waliokuja kuchukua sare walikuwa wanazijua. Makoko nzima ilikuwa imezicheka, ila yeye.

Mama akavuta kigoda kingine kwa mguu, akakisukuma mbele ya Baharia.

"Inuka huko chini. Kaa. Anza siku mliyopanda. Polepole, usirukeruke."

Baharia akakaa. Mtu aliyetusimulia Jumapili zote hizo akawa hajui pa kuanzia. Aliipangusa kofia, akakohoa, akasema kwamba walipanda asubuhi, na Magesa alibeba mfuko mmoja na fulana aliyoivaa imeandikwa jina la mgombea. Siku ya kwanza hiyohiyo ndege mdogo alichoka akatua kwenye usukani, na Magesa akakataa kuugeuza ili asimsumbue. Mzungu anapiga kelele, tuko nje ya njia, na Magesa anamjibu kwa Kizanaki, kwa heshima zote, kwamba mgeni bado hajapumzika. Akamwekea wali ubaoni. Akaanza kumwimbia nyimbo za kanisa, sauti mbovu.

"Mbovu sana," mama alisema. "Kwaya walimkataa."

Na akacheka. Kicheko kifupi, akaziba mdomo kwa kiganja kama aliyeshtuka kujisikia. Kisha akamtazama Baharia kwa macho yale yaliyochoka, muda mrefu.

"Na wewe ulicheka naye?"

"Nilicheka naye sana, mama."

"Endelea," alisema. "Bado hata jua la siku ya kwanza halijazama."